Kupanda Niliweza

Mafundi wenzake walimwita Mjusi, na jina hilo hawakumpa kwa kejeli. Kwa miaka ishirini na mbili alipaua nyumba, shule na maghala, akitembea juu ya mabati kama mtu anayetembea sebuleni kwake, misumari mdomoni, nyundo kiunoni. Mapaa marefu hayakumfanya kitu. Kilichomwangusha kilikuwa banda la kuku, urefu wa mtu na nusu, Jumamosi moja alipokuwa akimsaidia rafiki bure. Ubao ulikatika, akatua kwa matako kwenye ukingo wa saruji, akainuka akicheka. Kicheko kile kilidumu mpaka jioni. Asubuhi yake mguu wa kushoto haukuwa wake tena.

Daktari wa mifupa alimwonyesha picha kwenye taa. Pingili mbili zimesagika, mishipa ya fahamu imebanwa. Wakampasua, wakamlaza wiki sita, wakamrudisha nyumbani na karatasi iliyosema kwamba kupanda, kuinama na kubeba ndiyo basi.

Karatasi haikusema afanye nini badala yake. Kukaa hakuwezi zaidi ya dakika kumi. Kusimama, labda robo saa. Kulala anaweza, mpaka kiuno kianze kuwaka moto. Basi akawa mtu wa kuzunguka: kitandani hadi kwenye kiti cha mbao, kitini hadi mlangoni, mlangoni hadi uani, uani hadi ukutani, aegemee kidogo, arudi. Mkewe, aliyekuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, alisema nyumba imepata mlinzi wa zamu.

“Mlinzi analipwa,” Mjusi akajibu.

Ndipo mkewe alipoleta fomu. Serikali ilikuwa na mafao ya muda mrefu kwa watu wenye ulemavu, na mwenzake wa kiwandani alikuwa amemwombea kaka yake akapata. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Binti yao, karani wa shule, ndiye aliyekuwa na mwandiko wa kusomeka, kwa hiyo Jumapili baada ya chakula waliketi mezani, isipokuwa Mjusi, aliyekuwa akizunguka meza.

“Swali la sita,” binti akasoma. “Je, mwombaji anaweza kuvaa viatu bila msaada?”

“Andika ndiyo.”

Mkewe akainua macho. “Tangu lini?”

“Jana nilivaa.”

“Jana ulivaa kandambili.”

“Kwani kandambili si kiatu?”

Binti akauma midomo asicheke, akaandika hapana. “La saba. Je, anaweza kubeba ndoo ya maji?”

“Inategemea ndoo.”

“Baba, hapa pana visanduku viwili tu. Ndiyo na hapana.”

“Basi aliyeitunga fomu hiyo hajawahi kuona ndoo.”

Wakaenda hivyo, swali kwa swali, yeye akisema ndiyo, mkewe akimsuta, mpaka wakafika la kumi na tisa, lililouliza kama mwombaji anaweza kuzuia haja ndogo.

“Ndiyo,” Mjusi akasema upesi, akiwa ameelekea dirishani.

Hilo halikupata mpinzani. Kila siku ya kazi mkewe alitoka kwenda kiwandani kabla jua halijapanda, na aliporudi alikuta suruali ya mumewe imefuliwa na kuanikwa. Alikuwa akiwasifia hilo majirani: tangu augue, mume wangu amejifunza kufua.

Ukurasa wa mwisho ulitaka sahihi chini ya maneno “Mimi, mwenye ulemavu wa kudumu”. Mjusi aliyasoma mara mbili. “Mwenye ulemavu ni nani hapa?” akauliza, akatoka uani. Alisaini siku ya tatu, amesimama, karatasi kaibandika ukutani, sahihi ikateleza kama mtu aliyesaini garini.

*

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na benchi refu, madirisha manne ambayo moja tu lilifunguliwa, na mlinzi aliyependa utaratibu.

“Mzee, kaa kwenye benchi, usizurure.”

“Kukaa siwezi.”

“Basi simama hapo kwenye mstari.”

“Kusimama nako siwezi sana.”

Mlinzi akamkagua kuanzia kichwani. Aliona mwanamume mpana wa mabega, kanyoa vizuri, shati limenyooshwa. “Sasa wewe unaweza nini?”

“Hicho ndicho nilichokuja kuwaeleza.”

Watu wa benchini wakacheka, na mama mmoja mwenye gongo akampisha nafasi ya kuegemea nguzo. Lakini kicheko hakikusogeza mstari. Mara ya kwanza picha zilikosa upande wa kulia wa uso. Mara ya pili mhuri wa daktari ulikuwa wa duara, nao walitaka wa pembe nne. Mara ya tatu mpokeaji alikuwa likizo na funguo za kabati alikuwa nazo. Kila safari ilimgharimu Mjusi siku mbili za kitandani, na kila alipoinuka alizunguka kwa kasi zaidi, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

Mara ya nne fomu ikapokelewa. Mpokeaji akaipiga pini, akasema bila kumtazama, “Afisa atakuja kukuona nyumbani kwako.”

“Siku gani?”

“Siku hatusemi. Tukisema, watu wanajiandaa.”

Habari hiyo ilimfikia shemeji yake, mdogo wa mkewe, dalali wa magari ambaye mji mzima ulimwita Mkato kwa kupenda kwake njia za mkato. Alikuja jioni hiyohiyo na gongo jipya la mti.

“Shika hili, shemeji. Afisa akiingia, akukute umelala, umegeukia ukutani. Akikuuliza kitu, guna kwanza. Usijibu kabla hujaguna.”

“Mimi naumwa kweli,” Mjusi akasema.

“Najua. Ila unaumwa kimyakimya, na ugonjwa wa kimyakimya hauna soko. Ukiwa unauza gari zima, unalipiga rangi. Hata zima!”

Mkewe alimkemea mdogo wake, lakini maneno yalikuwa yamemwingia na yeye. Kuanzia siku ile hakumruhusu mumewe kugusa ufagio. Akinyanyua kikombe, “Weka, afisa akija je?” Akisimama mlangoni, “Rudi ndani, watu wanakuona.” Binti akinunua mkate alimkatia vipande kama mtoto. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Mjusi, mgonjwa wa haki, akawa anafundishwa kuigiza ugonjwa wake mwenyewe, na uigizaji ulimchosha kuliko maumivu. Kila pikipiki ikisimama nje alirudi kitandani. Alihesabu matofali ya ukuta wa uani, akayahesabu kwa kushuka na kwa kupanda. Alianza kuzungumza na redio. Usingizi wa mchana ukamkimbia, na hamu ya kula nayo ikaondoka.

*

Wiki ya sita, Jumanne, mkewe yuko kiwandani na binti yuko shuleni, Mjusi alisikia nyundo.

Ilitoka nyumba ya pili, kwa mwalimu mstaafu wa kike aliyeishi peke yake. Mjusi alisimama katikati ya chumba akasikiliza. Msumari wa bati hupigwa kwenye tuta la bati, si kwenye bonde, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Ukiupigia tutani unatoa mlio mwepesi, wa uwazi. Huu ulikuwa mlio mzito. Ta. Ta. Ta. Msumari mmoja bondeni. Wa pili bondeni.

“Mungu wangu,” akasema peke yake. “Anatoboa chujio.”

Alizunguka meza. Akawasha redio, akaizima. Wa kumi na nne, bondeni. Akatoka.

Juu ya paa alikuwapo fundi wa bei nafuu, kijana aliyezoea zaidi kuchomea madirisha. Mwalimu alikuwa ameketi kivulini ameshika mwavuli, ametulia kama mtu aliyepata fundi.

“Wewe!” Mjusi akaita kutoka chini. “Unapigia bondeni! Mvua ya kwanza mwalimu ataoga kitandani!”

Fundi akaangalia chini akamwona mtu aliyejishika kiuno kwa mikono miwili. “Mzee, kama unajua, panda.”

Hakusema kwa ubaya. Ni maneno ya mafundi, kila fundi kashayasema. Lakini kwa Mjusi yaliingia kama kisu kwenye papai. Aliitazama ngazi. Alijiambia atapanda vipandio viwili tu aone. Alipanda viwili. Mikono yake, ambayo haikuwa imeugua, ilivuta mwili wote, na mguu wa kushoto ukafuata nyuma kama mzigo uliofungwa kamba. Akapanda cha tatu. Mwalimu akainuka. “Fundi, wewe si unaumwa?” Cha sita, cha nane, kisha joto la bati likampiga usoni, na harufu ile ya zinki na vumbi, na mji wote ukawa chini yake.

Kwa nusu saa alikuwa mzima. Hilo hakuna atakayemnyang'anya. Alikwenda kwa magoti, akang'oa misumari, akamwonyesha fundi kuziba matundu, kulaza bati linalofuata juu ya lenzie likiupa mgongo upepo, kupiga tutani, msumari wima, usiuzamishe mpaka mpira wake ukapasuka. Fundi alisikiliza, tena kwa adabu. “Kumbe,” alikuwa akisema. “Kumbe.” Mjusi alicheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu lile banda la kuku.

Kisha akageuka kuchukua nyundo iliyokuwa upande wa kulia. Jambo dogo kama hilo. Kitu kikalia ndani ya kiuno chake, maumivu yakashuka kama maji ya moto mpaka vidoleni, halafu yakaisha ghafla, na kuisha kwake ndiko kulikomtisha. Miguu yote miwili ilikuwa kimya. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati la saa sita mchana na hakuweza kuinua hata goti.

“Mzee?” fundi akasema. “Mzee, usinifanyie hivyo.”

Kelele za fundi zilikusanya mtaa. Muuza mkaa akaja, kinyozi akaja na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake, nusu ya kichwa kimenyolewa. Kila mtu alikuwa na rai na hakuna aliyekuwa na kamba. Aliyempigia simu mkewe alipiga, na aliyempigia Mkato akapiga pia, kwa bahati mbaya. Katikati ya vurugu hilo akatokea mwanamke mfupi mwenye viatu vya kisigino kifupi na mkoba wa mafaili, akauliza kwa upole nyumba ya yule fundi paa aliyeomba mafao ya ulemavu.

 Kinyozi akatazama chini. Muuza mkaa akatazama mkaa wake. Halafu mwalimu, aliyefundisha maisha yake yote kwamba uongo haufai, akanyoosha mwavuli juu.

“Yule pale.”

Afisa akatazama paani, akatazama faili, akatazama tena paani.

Mkato aliwasili wakati huohuo, akihema, akaelewa hali mara moja. “Afisa, karibu sana! Yule siye. Yule ni pacha wake.”

“Pacha?”

“Wanafanana mno. Mgonjwa yuko ndani, amelala, anaguna.”

“Ni mimi,” ikatoka sauti juu ya bati. “Mkato, nyamaza. Afisa, shikamoo, ni mimi. Samahani siwezi kugeuka.”

 Afisa aliweka mkoba chini, akavua viatu, akasema, “Leteni mlango.”

Waling'oa mlango wa stoo ya mwalimu. Kamba mbili zikapatikana kwa muuza mkaa. Fundi na kinyozi wakapanda, wakamlaza Mjusi juu ya mlango, wakamfunga kama godoro la kuhamia, wengine wakapokea kutoka chini. Afisa alishika ngazi kwa mikono miwili na kuamuru: polepole, kulia, ngoja. Walipomtua, mkewe alikuwa ameshafika, bado na futi ya kupimia nguo shingoni. Akaiona suruali ya mumewe imelowa kuanzia mapajani. Kila mtu aliiona.

“Ni jasho,” Mjusi akasema. “Bati lina moto.”

Mkewe akavuta shuka kwenye kamba ya nguo ya mwalimu, akamfunika. Gari la hospitali lilipokuja, afisa alikuwa amevaa viatu vyake na kuandika kitu kwenye faili.

“Utaandika nini, dada?” mkewe akamuuliza.

“Nilichokiona, mama.”

“Chote?”

“Chote.”

*

Miguu ilirudi, wa kulia vizuri na wa kushoto kama zamani, baada ya wiki tatu za wodi. Kilichokuja nyumbani kabla yake kilikuwa barua: mwombaji afike mbele ya jopo ajieleze kuhusu tukio la paa.

Mkato alitaka kuja kusema. Mkewe akamruhusu kuja kwa sharti la kutosema. Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu, watu watatu, na afisa amekaa pembeni. Mwenyekiti, mwanamume mwenye miwani iliyokaa ncha ya pua, alisoma taarifa kwa sauti.

“‘Nilimkuta mwombaji juu ya paa la jirani, ambako alipanda mwenyewe. Kumshusha kulihitaji watu saba, kamba mbili na mlango mmoja.’” Akavua miwani. “Bwana, mimi nimekaa kiti hiki miaka tisa. Sijapata kuombwa mafao na mtu aliyekutwa kazini. Kaa, tafadhali, mbona unazunguka?”

“Nikikaa sitamaliza kusema.”

“Haya, sema. Uliweza kupanda au hukuweza?”

“Kupanda niliweza. Kushuka ndiko sikuweza.” Mjusi alifika dirishani, akageuka. “Mheshimiwa, kwenye fomu yenu nimedanganya. Mahali pamoja.”

Mkato akafunika uso kwa mikono.

“Swali la kumi na tisa. Niliandikisha ndiyo. Si kweli. Tangu nianguke, mkojo haunipi habari. Unakuja tu. Mke wangu akienda kazini nafua, arudi akute nimefua. Yeye anadhani nimekuwa mwema.” Akazunguka mara moja, akarudi. “Mimi watu wanishangae nikiwa juu. Nilizoea hivyo. Kule paani nilikwenda kwa sababu mtu alikuwa akiharibu kazi, na kwa sababu wiki sita nilikuwa nimefungwa nyumbani nikingojea kuonekana mgonjwa. Nikachoka. Hayo tu.”

 Daktari wa jopo aliandika kitu, akamsukumia mwenyekiti karatasi. Mkewe alikuwa akitazama sakafu. Walipotoka koridoni alimpiga mumewe begani, si kwa nguvu, kisha akamshika palepale alipompiga.

“Miezi minane,” akasema. “Miezi minane nakusifia kwa majirani kwa kufua.”

“Si nilikuwa nafua?”

“Kesho nakwenda na wewe kwa daktari. Na hilo si swali la visanduku viwili.”

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Binti ndiye aliyelisoma, amesimama mlangoni na mkoba bado begani. Maombi yamekubaliwa. Ulemavu wa kudumu. Mapitio baada ya miaka mitatu. Binti akapiga kigelegele, mwalimu akaitikia kutoka nyumba ya pili kabla hajajua ni cha nini, na Mkato akapiga simu kutangaza kwamba yeye tangu mwanzo alisema.

Mjusi aliichukua barua akaisoma mwenyewe. Akaikunja. Akatoka nje, akaanza kutembea barabarani, akiukokota mguu, bila kusema anakwenda wapi.

Mkewe alimkuta karibu na duka la vitabu, ameegemea ukuta, anahema. Hakumshika. Aliegemea kando yake, wakatazama watu wakipita.

“Hukufurahi,” akasema.

“Nimefurahi. Mnastahili kupumua.” Akahamishia uzito mguu wa kulia. “Ila mwaka karibu mzima nimewaomba waniambie siwezi. Leo wameniambia. Kwa mhuri.”

“Wa pembe nne?”

Akacheka, na kicheko kikamchoma kiuno, akashika ukuta mpaka kikapita. Mkewe akangoja. Hakusema pole, na Mjusi alimshukuru kwa hilo.

“Turudi?” mkewe akauliza.

“Bado. Nikirudi sasa hivi nitazunguka meza.”

“Basi twende.”

Wakaenda, polepole, yeye akisimama kila baada ya nguzo tatu za umeme. Njia panda walikata kushoto, kwa sababu kulia kulikuwa na mlima.